Mama Alipokuja Kwenye Barafu

Mama yangu alizaliwa kisiwani Mfangano, akaolewa Mfangano, na mpaka mimi napata mtoto wa kwanza alikuwa hajawahi kulala mahali asipoweza kusikia ziwa, ila zile safari za Migori mjini kwa dada yake, kwenye mazishi au kambi ya kanisa. Kwa hiyo alipokubali kupanda ndege kuja kunisaidia kulea mtoto mchanga kaskazini mwa Ufini, juu kabisa karibu na ncha ya dunia, watu wa kijijini walidhani anatania. Waliamini siku walipomwona anashuka kwenda kwenye boti ya Mbita amevaa koti la manyoya alilonunua kwenye mitumba, jua likiwa kali.

Mume wangu ni Mfini. Alikuja visiwani kufunga mitambo ya sola kwenye zahanati, kazi ikaisha, yeye akabaki. Alijifunza Kiswahili cha kwetu, kile cha soko la Mbita kisichojali ngeli, pamoja na maneno ya Kijaluo ya kumfanya asalimiwe vizuri. Tulipooana tulihamia kwao, kwanza mjini. Baadaye akaniambia habari za nyumba ya magogo aliyoachiwa na babu yake. Ilikuwa kando ya ziwa, msituni, mbali na barabara yoyote. Hakuna stima, hakuna maji ya bomba, na simu haishiki mpaka upande mlima ulio nyuma ya nyumba.

Niliona si jambo kubwa. Nimelelewa kwa koroboi. Maji tulichota ziwani na kuni tuliteremsha kichwani kutoka mlimani. Nilimwambia, tena nikicheka, kwamba yeye ndiye atakayeshindwa, na tukahamia huko.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki: kwetu moto ukizimika unamtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa. Kule, kuanzia mwishoni mwa Novemba, moto ukizimika una saa chache za kuuwasha tena, na kama huwezi, basi. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee mmoja mjane, mfugaji, aliyeishi ng'ambo ya ziwa. Maji tuliyapata kwa kutoboa tundu kwenye barafu kwa keekee kubwa, na kila asubuhi tundu lilikuwa limeziba tena.

Mama alifika mtoto akiwa bado hajaanza kukaza shingo. Mume wangu alimleta kutoka barabarani kwa pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu, inayovuta nyuma yake kitu kama mtumbwi wa plastiki. Mama alilazwa humo, amefunikwa ngozi na turubai mpaka machoni. Nilikwenda kuwapokea ufukweni. Walipokaribia nikamsikia anauliza kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, "Tuko juu ya nini hapa?"

"Juu ya ziwa, Mama," mume wangu akajibu.

Akaanza kuomba, na hakuacha kuomba mpaka nilipomshika mkono.

Shida ya kwanza haikuwa baridi. Ilikuwa chumba. Kwa sisi Wajaluo, mama hakai nyumba moja na mume wa binti yake. Hali naye chakula, hamwangalii usoni, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Ndiyo heshima yenyewe. Na nyumba ile ilikuwa chumba kimoja: jiko la chuma katikati, kitanda chetu upande huu, meza upande ule. Mama alisimama mlangoni na koti lake, akatazama kulia na kushoto.

"Nyathina," akaniambia kwa Kijaluo, yaani mwanangu, "mimi nitalala wapi?"

Mume wangu alikuwa ameliwazia jambo hilo. Uani kulikuwa na sauna, kijumba kidogo cha mbao ambamo Wafini huoga kwa mvuke, chenye jiko lake na bomba lake la moshi. Alikuwa amekisafisha na kuweka godoro juu ya benchi. Mama alifurahi. Alilala humo usiku mmoja tu. Asubuhi nilimkuta amejikunja kando ya jiko lililozimika, na pumzi yake imeganda ikawa weupe kwenye ukingo wa blanketi. Aliingia ndani, akatoa leso mbili kwenye begi lake, akaomba misumari. Tangu siku hiyo aliishi nyuma ya leso.

Alikula akiwa ametupa mgongo. Mume wangu akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, yeye aliniambia mimi, "Mwambie mkwe kuni zinaisha." Mume wangu alisikia kila kitu, lakini alingoja nimwambie ndipo ainuke. Mtu akiona kwa nje angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma ya heshima ile kulikuwa na hasira, na nilikaa katikati yake mchana na usiku nikinyonyesha.

Ijumaa ya kwanza Mama aliniuliza Sabato inaanza saa ngapi. Sisi ni Waadventista; Sabato huanza jua likizama. Nikamwambia jua halitachomoza mpaka katikati ya Januari. Alinitazama kama niliyemtukana. Alifikiri sana, kisha akaamua kufuata saa ya Mfangano. Jioni ile, baada ya kuomba, aliniuliza polepole ili mtu wa upande wa pili asisikie, "Huyu mwanamume alikuoa au alikuficha?"

Mume wangu, ambaye Kijaluo alikijua zaidi ya vile Mama alivyodhani, aliacha kuchonga kijiti alichokuwa akichonga.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Januari. Baridi ilikuwa imeshuka mpaka magogo ya ukuta yakawa yanalia, pa, pa, kama mtu anayevunja kuni. Mafuta ya taa yalikuwa chini na nepi za mtoto zimebaki chache. Mume wangu akasema ataenda dukani, atarudi kabla ya chakula cha mchana. Alivuka ziwa. Tulisikia injini yake kwa muda mrefu, maana hewa ikiwa baridi hivyo sauti haifi haraka.

Saa ya chakula ilifika. Huko wakati huo wa mwaka mchana ni mwanga wa buluu tu, kama kwetu kabla ya jogoo kunyamaza, unakuja kidogo halafu unaondoka. Ulikuja, ukaondoka. Tukala bila yeye. Mama aliongeza kuni jikoni. Baada ya muda akaongeza tena.

"Amechelewa," nikasema, ili mmoja wetu awe amelisema.

"Mwambie akirudi..." Mama alianza, kisha akaacha. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Mara nikasikia mngurumo. Nilifikiri ni pikipiki, nikainuka. Lakini sauti ilitoka juu yetu, ndani ya ukuta, kama lori linalopandisha mlima kwa gia ya kwanza. Bomba la moshi lilikuwa linatetemeka. Pale linapokutana na dari lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

Masizi yaliyoganda ndani ya bomba yalikuwa yameshika moto. Mume wangu alikuwa akisema atalisafisha baridi ikipungua kidogo, na baridi haikuwa imepungua.

"Maji!" Mama akapiga kelele. "Leta maji!"

"Hapana! Bomba litapasuka, nyumba itaungua!"

Hilo nilikuwa nimefundishwa. Nilifunga mlango wa jiko, nikafunga kijitundu cha hewa, nikavuta kile kibati kinachoziba bomba, nikiungua vidole. Mama alikuwa ameshamweka mtoto kifuani, ndani ya koti, amejifunga leso juu yake. Tukatoka nje. Cheche zilikuwa zikiruka juu ya paa, zikianguka kwenye theluji na kufa. Baridi iliingia puani kama sindano. Nilitazama paa, nikatazama msitu, nikatazama ziwa jeupe ambako hapakuwa na taa hata moja. Nilijua kwamba nyumba ile ikiungua, hatuna nyingine.

Haikuungua. Mngurumo ulipungua, ukawa kama kukoroma, ukaisha. Lakini niliporudi ndani moshi ulikuwa ukivuja kwenye ufa mahali bomba lilipounganishwa. Kuwasha jiko lile tena ilikuwa ni kujiua. Na tayari dirisha lilikuwa linaanza kuota barafu kwa ndani.

"Sauna," nikasema.

Tulihama kwa haraka, mimi nikibeba kuni na magodoro, Mama akiwa na mtoto. Kijumba kile kilikuwa kidogo, kwa hiyo kilipata joto upesi. Nilipomwona mtoto analegeza ngumi zake, nikajua jambo linalofuata ni lipi, na Mama alilijua pia kwa sababu alinitazama nikivaa koti la pili.

"Unakwenda wapi?"

"Mlimani, kupiga simu."

"Hapana."

"Mama, yuko nje mahali fulani. Hakuna anayejua."

"Ukienda usirudi, mimi na mtoto huyu tutamwita nani? Kwa lugha gani?"

"Nisipokwenda, hakuna atakayekuja kabisa."

Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akanifunga mimi, akakaza fundo chini ya kidevu kama alivyokuwa akinifunga nikiwa mdogo. "Nenda," akasema. "Usikae chini. Hata uchoke vipi, usikae chini."

Njia ya mlimani tulikuwa tumeikanyaga mara nyingi, ilikuwa ngumu chini ya viatu, lakini upepo ulikuwa umeanza kuifunika. Tochi ya kichwani ilionyesha miti michache tu. Simu niliiweka kwapani, maana ikipata baridi betri hufa hapo hapo. Nilipanda nikihesabu miti ili nisiwaze. Maziwa yalikuwa yamejaa, yanauma, na nilimlaani mume wangu kwa lugha tatu.

Kileleni nilimpigia yeye kwanza. Haikuita. Nikampigia yule mzee wa ng'ambo.

Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa Wafini, na Kifini changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nilimwambia: mume wangu hajarudi, moto, bomba, mtoto yuko sauna.

"Alipita hapa," akasema. "Zamani sana. Kabla ya mwanga kuondoka. Alikuwa anarudi kwenu."

Kama alipita kwa mzee, alikuwa kwenye ziwa. Nilikulia kando ya ziwa, na najua maana ya mtu kuondoka ng'ambo na kutofika.

"Rudi kwa mtoto," mzee akasema. "Mimi naenda. Nitawaita wa uokoaji pia." Nikataka kumshukuru, simu ikazima.

Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi. Tochi ilififia, na mahali fulani nikagundua ninakanyaga theluji laini, inayofika gotini. Nilikuwa nje ya njia. Nilisimama. Kila upande ulikuwa sawa na mwingine. Nikatamani kukaa kidogo tu, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu nilimsikia Mama kama yuko karibu. Nikabaki nimesimama nikivuta hewa puani, mpaka nikapata harufu ya moshi, nyembamba, ikitoka kushoto. Nikaifuata.

Niligonga mlango wa sauna.

"Nani?" Mama akauliza.

"Mimi!"

"Sema kwa Kijaluo!"

"An, Mama! Fungua, yawa!"

Akafungua. Nilianguka ndani nikitetemeka mpaka meno yakagongana. Mtoto alikuwa analia njaa, na sikuweza hata kufungua vifungo. Mama alinifungulia, akamweka mtoto titini. Aliniuliza kwa macho tu. Nikamwambia, "Mzee anamtafuta." Mama aliongeza kuni, moja, kwa uangalifu, akagusa bomba kwa nyuma ya mkono, akasikiliza.

Injini tuliisikia mbali sana kwanza. Ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Mlango ulipigwa teke, na mzee akaingia akirudi nyuma, anamburuta mume wangu kwa makwapa.

Alikuwa hai. Nyusi zake zilikuwa barafu tupu na hakuweza kusema vizuri. Mzee ndiye aliyeeleza, akikata buti kwa kisu. Wakati mwingine uzito wa theluji huikandamiza barafu, maji yakapanda juu na kujificha chini ya theluji. Pikipiki ilikuwa imezama katika uji huo. Mume wangu alihangaika kuivuta, buti zikajaa maji, akaamua kutembea. Mzee alimkuta amekaa chini.

Miguu ilipotoka kwenye soksi, ilikuwa myeupe kama nta, na ilipogonga benchi ilitoa sauti ya mti.

"Isiwekwe motoni," mzee akasema. "Isisuguliwe. Ngozi kwa ngozi. Tumboni." Akajipiga tumbo lake kuonyesha. Kisha akasema lazima arudi ziwani awaonyeshe wa uokoaji njia, wasije wakaingia kwenye maji yale yale. Akatoka.

Nilianza kumtoa mtoto titini. Mama akanishika bega.

"Wewe mwenyewe ni barafu," akasema. "Kaa."

Akavua sweta. Akavua la ndani. Akakaa kwenye benchi mbele ya mkwe wake, akapandisha fulana, akanyoosha mikono kuichukua miguu ile.

Mume wangu aliirudisha. Alikuwa hajitambui vizuri lakini mila yetu alikuwa hajaisahau. "Mama, hapana," akasema kwa Kiswahili. "Hii si mzuri. Hapana."

"Nyamaza," Mama akamwambia. Tangu afike, hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia yeye moja kwa moja. "Leta miguu."

Akaiweka tumboni mwake, akaifunika kwa fulana na kwa mikono yote miwili. Nilimwona akifumba macho baridi ilipomwingia. Baada ya muda damu ilianza kurudi, na mume wangu akaanza kulia kwa maumivu, kwa sauti, kama mtoto, na Mama akaendelea kuikumbatia.

"Kwa nini ulimleta binti yangu mahali kama hapa?" akamwuliza. Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Ilimchukua muda kupata maneno. "Nilitaka mtoto ajue kwa babu yangu."

"Huyu mtoto ana babu mwingine," Mama akasema. "Kaburi yake iko Mfangano. Nani atamwonyesha?"

Mume wangu alitazama ukuta, machozi yakimteremka, na sijui yapi yalikuwa ya miguu na yapi ya neno lile.

Watu wa uokoaji walikuja na wakatuchukua sote. Hospitalini walikata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari alisema alitarajia vingi zaidi. Tulimaliza majira yale ya baridi mjini, kwenye nyumba ya dada yake mume wangu, yenye stima na maji ya moto ukutani. Huko Mama alipata chumba chake. Siku ya kwanza alifunga mlango, akarudi kwenye heshima yake kama vile haikuwahi kukatika. "Mwambie mkwe chai iko tayari."

Mimi nilikuwa na hasira ambayo haikuisha upesi. Nilimwambia mume wangu maneno mabaya juu ya lile bomba ambalo hakulisafisha, na yeye aliyapokea yote. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka kushika ukuta kuona kama una joto. Alipoanza kutembea vizuri alitaka tujaribu tena, tujenge bomba jipya la matofali. Nilimwambia aende, mimi na mtoto tutakuwa Kenya. Nilimaanisha. Tulibishana majira yote ya kuchipua, na mwisho akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwamba swali aliloulizwa kule sauna lilikuwa linamsumbua kuliko vidole.

Sasa tunaishi Sori, kando ya ziwa la kwetu. Anatengeneza taa za sola za wavuvi wa omena, yaani dagaa, zile zinazoelea usiku, na anachechemea kidogo asubuhi kabla mguu haujapata moto. Ana huzuni yake pia, siwezi kuficha. Kuna siku namwona amesimama ufukweni joto likiwa kali, na namwacha. Nyumba ya babu yake bado ipo. Yule mzee huiangalia na kutuma picha za paa.

Tukivuka kwenda Mfangano, Mama akituona tunapanda kutoka kwenye boti huingia nyumba ya jikoni. Chakula cha mume wangu hupelekwa na shangazi. Wakikutana kwa bahati mbaya kwenye kona ya ua, kila mmoja hupinda njia yake, na mume wangu huinamisha kichwa kuliko mkwe yeyote niliyewahi kumwona.

Wanawake wa kanisa walimsimulisha Mama habari za Ufini mara nyingi. Aliwaambia juu ya kutembea juu ya ziwa, na juu ya jua lisilochomoza, na wengine hawakuamini. Niligundua kwamba habari za miguu hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Siku moja tukichambua mboga nikamwuliza kwa nini.

"Niwaambie?" akasema. "Wataniuliza nilikuwa nimevaa nini."

Akaendelea kuchambua, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda nijue kwamba anacheka.